Gurnah na Daftari la Madeni



Mtoto wa kiume, umri wake miaka 12, anaishi na wazazi wake kwenye mji mdogo wa bara ambao reli imeufikia juzijuzi tu. Baba yake ana hoteli, na hoteli haina wateja. Kila baada ya muda hupita hapo tajiri mmoja wa pwani, nguo safi, mwili unanukia, anaitwa Aziz, na mtoto amefundishwa kumwita ami. Ami Aziz akiondoka humtia sarafu mkononi. Safari moja ami haondoki peke yake. Mtoto anafungiwa nguo zake, anapelekwa stesheni, anapandishwa garimoshi, na kwa kuwa ni mtoto anafurahi, maana safari ni safari. Huko pwani anaonyeshwa pa kulala, barazani mbele ya duka, pamoja na kijana mmoja aitwaye Khalil, aliyemtangulia pale kwa miaka kadhaa. Khalil ndiye anayemwambia ukweli, tena kwa kumcheka: yule si ami yako, muite Seyyid. Baba yako anadaiwa, kashindwa kulipa, na wewe ndiye rehani.

Hivyo ndivyo inavyoanza Paradise, riwaya ya mwaka 1994. Mtoto huyo ni Yusuf. Aliyeiandika ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Uingereza tangu ujana wake, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021.

Tangu ilipotangazwa tuzo ile, tarehe 7 Oktoba 2021, magazeti ya dunia yamembandika Gurnah jina moja: mwandishi wa wakimbizi. Akademia ya Uswidi yenyewe ilisema inamtunuku kwa jinsi anavyochimbua, bila kulegeza na kwa huruma, athari za ukoloni na majaaliwa ya mkimbizi aliyenasa baina ya tamaduni na mabara. Sina ugomvi na maneno hayo. Lakini mimi nikimsoma naona kuna jambo limeutangulia ukimbizi, na ukiliacha hilo, ukimbizi wenyewe huuelewi. Gurnah ni mwandishi wa madeni. Watu wake, kabla hawajapanda meli wala ndege, wameshadaiana: fedha, nyumba, ahadi, shukrani, msamaha. Wanakimbia na hesabu haijafungwa. Nataka leo tuyapitie maisha yake na vitabu vyake kwa mlango huo.

Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1948, Zanzibar ikiwa ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza. Ukoo wake una asili ya Yemen, kama zilivyo koo nyingi za mjini Unguja. Mji ule ulikuwa bado unaishi kwa pepo za msimu: kaskazi ikivuma inaleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikivuma inayarudisha makwao. Chuoni akasoma Kurani, skuli akasoma Kiingereza, nyumbani na mitaani ni Kiswahili. Sura za Kurani na visa vya Alfu Lela Ulela hutajwa miongoni mwa chemchemi za kwanza za uandishi wake, na anayemjua Yusuf wa kwenye Kurani, na yule mwanamke ambaye masimulizi humwita Zulekha, atawakuta wote wawili ndani ya Paradise, mmoja akiwa kijana wa dukani na mwengine bibi mwenye nyumba.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakawa Mapinduzi. Gurnah alikuwa na miaka 15.

Hapa mtu anayezungumza redioni inabidi apime maneno, kwa kuwa jambo hili mpaka leo lina wenyewe. Kwa watu wengi Mapinduzi yalikuwa ndio mwisho wa utawala uliomweka mkulima na mkwezi chini ya mabwana wa mashamba. Adam Shafi ametusimulia habari hiyo katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya 1978 iliyo mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili kwa miongo kadhaa sasa. Kwa wengine, hasa waliohesabiwa kuwa Waarabu, ilikuwa ni mauaji, jela, kufukuzwa na kunyang'anywa. Yote mawili yametokea, kisiwa kimoja, baina ya watu waliokuwa wakizikana. Watu wa Gurnah waliangukia upande wa pili. Alipomaliza skuli, akiwa na miaka 18, akaondoka, yeye na ndugu yake, wakiwaacha wazee nyuma.

Wakaingia Uingereza, na mwaka ulikuwa 1968. Huo ni mwaka wa kuutazama vizuri. Mwezi Machi, Bunge la Uingereza lilipitisha mbiombio sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza mikononi. Mwezi Aprili mbunge Enoch Powell akasimama Birmingham akatoa hotuba ya kuwatia hofu Waingereza juu ya wageni weusi, na makuli wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono. Nchi iliyowapokea vijana wale wawili ilikuwa kwenye hali hiyo.

Gurnah alifikia Canterbury, mji wa kanisa kuu la Waanglikana. Alisoma huko, na katika miaka ile alifanya kazi ya uhudumu hospitalini ili apate kuishi. Kazi hiyo baadaye alimpa mhusika wake Daud, katika Pilgrims Way ya mwaka 1988. Daud ni Mtanzania, mhudumu wa hospitali pale pale Canterbury, maskini, mpweke, mwenye ulimi mkali, ambaye hupoza hasira zake kwa kutunga barua kichwani na asizitume. Wasomaji wengi wanakiruka kitabu kile. Mimi nakipenda kwa kichekesho chake. Gurnah ana mzaha mwingi kuliko anavyosifiwa, mzaha wa mtu aliyebanwa kwenye kona.

Alianza kuandika akiwa na miaka 21. Kwanza hayakuwa maandishi ya kitabu, ni daftari tu la kijana anayekumbuka kwao, mpaka kumbukumbu ikaanza kugeuka visa. Na akaandika kwa Kiingereza. Najua kuna wasikilizaji wanaosubiri nifike hapa ili waulize: kwa nini Mswahili wa Unguja, wa mji uliotoa waandishi kama Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Shafi, asiandike kwa Kiswahili? Ni swali la haki, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alilifanya kuwa swali la Afrika nzima. Lakini tumfikirie kijana mwenyewe. Ametoka kwao na miaka 18, hana ruhusa ya kurudi, anasoma kwa Kiingereza, anafanya kazi kwa Kiingereza, na vitabu anavyovipata kwenye maktaba vyote ni vya Kiingereza. Aandike kwa Kiswahili ampelekee nani, na kwa njia ipi? Alichokifanya ni kukiingiza Kiswahili ndani ya Kiingereza chake na kukataa kukitolea maelezo. Amewahi kueleza kwamba wachapishaji wa Uingereza na Marekani hupenda maneno ya kigeni yapigwe mlazo au yawekewe faharasa, ili msomaji ajue amekutana na kitu kigeni, na kwamba yeye haoni sababu ya hayo. Mswahili anayemsoma anayakuta maneno yake yamekaa kwenye mstari, hayakutengwa.

Miaka ya mwanzo ya themanini alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kaskazini ya Nigeria. Mwaka 1982 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent, kwa utafiti juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, na Kent ndiko alikofundisha mpaka akastaafu na uprofesa wake. Alihariri juzuu mbili za makala juu ya uandishi wa Kiafrika, akaandika juu ya Wole Soyinka na Ngũgĩ, akasimamia kitabu cha tahakiki juu ya Salman Rushdie, na mwaka 2016 akawa mmoja wa majaji wa Tuzo ya Booker. Ni maisha ya mwalimu, hayana makubwa ya kusimulia redioni, na nadhani mwenyewe angefurahi kusikia hivyo.

Ila jambo moja lina uzito. Hakuweza kukanyaga tena Zanzibar mpaka mwaka 1984. Safari ile ilimpa kumwona baba yake, na baba akafariki muda mfupi baadaye.

Riwaya ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987, mwandishi ameshapita miaka 38. Ikaja Pilgrims Way, kisha Dottie mwaka 1990, na hiyo sina mengi ya kuisemea. Halafu Paradise, na hapo dunia ya vitabu ikageuza shingo. Ilifika orodha ya mwisho ya Booker ya 1994, ikashindwa na kitabu cha Mskoti James Kelman. Mwaka huohuo, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alishinda kule Kanada Tuzo ya Giller ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Watoto wawili wa mwambao wetu wamefika mbali hivyo katika mwaka mmoja, na huku kwetu sikumbuki kama kuna aliyepiga hata zumari.

Turudi kwenye Paradise, maana hapo ndipo daftari linapofunguliwa. Yusuf ni rehani ya baba yake. Khalil naye ni rehani, yeye na dada yake Amina, na Amina ameishia kuwa mke wa yule yule mdai. Mpaka hapo unaweza kumwona Aziz kuwa ndiye mbaya, basi. Lakini Gurnah hakuachii uridhike mapema. Aziz naye akitaka kupeleka msafara bara hutafuta mtaji kwa wakopeshaji wa Kihindi, naye anatakiwa arejeshe. Msafara unapanda bara, na wapagazi na mnyapara Mohammed Abdalla, unafika kwa mtawala wa huko aitwaye Chatu, na Chatu anataifisha bidhaa zote kwa sababu anadai aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine wa pwani. Kwake yeye watu wa pwani ni wamoja, na deni la mmoja hulipwa na yeyote anayepita. Kisha anatokea Mdachi na askari wake, anaamua kesi kwa maneno mawili, na kila mtu pale anafahamu kwamba mwenye deni kubwa kuliko wote ameshaingia nchini na hana nia ya kumlipa mtu.

Watafiti wameonyesha kwamba sehemu hii imeegemea visa vya wasafiri wa Kiswahili wenyewe, vile vilivyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Kwa hiyo kitabu kilichosifiwa London kwa upya wake kina mizizi ndani ya nathari ya Kiswahili ya zaidi ya karne moja iliyopita. Na jambo lililowakera baadhi ya wasomaji ni hili: hakuna pepo kabla ya Mzungu. Kuna watumwa, kuna watoto wa rehani, kuna wake wasioulizwa. Bustani ya Aziz ni nzuri ajabu, ina miti ya matunda na maji yanayotiririka, na anayeitunza ni Mzee Hamdani, mtumwa aliyeambiwa yuko huru akakataa kuupokea uhuru kama zawadi, kwa hoja kwamba hapana anayeweza kukupa kilicho chako. Ukurasa ule mmoja wa Mzee Hamdani, kwangu mimi, unatosha kumpa mtu tuzo.

Lakini kitabu chake ninachokiweka juu ya vyote ni By the Sea, cha mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anateremka uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwengine, Rajab Shaaban. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye anajua sana. Ofisa wa uhamiaji anapekua mkoba wake, anaona kijisanduku cha udi, udi wa qamari, wa fedha nyingi, na anakichukua. Mzee ananyamaza. Msomaji wa haraka atasema: naam, mkimbizi na dhuluma za wazungu. Subiri kwanza. Ule udi una historia. Ulitoka kwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain aliyekuwa akija Unguja na msimu, mtu wa maneno matamu, aliyekopa kwa Saleh Omar fedha nyingi na kumwachia hati ya nyumba ya watu kuwa dhamana. Nyumba ya nani? Ya Rajab Shaaban, yule ambaye Saleh Omar sasa anatembea na jina lake.

Hussein hakurudi. Saleh Omar akaishika hati akaenda mahakamani, akaipata nyumba, na familia ya Rajab Shaaban ikatolewa nje na vyombo vyake. Kisha zikageuka zama. Baada ya Mapinduzi familia ile ikawa na jamaa mkubwa serikalini, na zamu ya Saleh Omar ikafika: akapoteza nyumba, akafungwa miaka mingi bila ya kosa la maana. Alipotoka, mke na mtoto wamekufa. Uzeeni wakatokea tena wa kumdai, na hapo ndipo alipokimbia.

Na wale wanaomhudumia huko Uingereza, kwa kuwa mzee hasemi Kiingereza, wanamtafutia mtu anayeijua lugha yake. Wanamtafutia mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mshairi, anaitwa Latif Mahmud. Ni mtoto wa Rajab Shaaban.

Hapo ndipo Gurnah anaponimaliza. Mwandishi mwengine angewakutanisha wawili hawa wakapigana au wakalia. Yeye anawakalisha kwenye chumba cha mji wa pwani wa Kiingereza, baridi nje, chai mezani, waanze hesabu: nyumba ilipotea vipi, nani aliweka saini, nani alitumwa na nani, nani alijua nini. Kurasa nyingi hakuna kingine ila watu wawili wazima wanasahihishana kumbukumbu. Kila mmoja amekuja na daftari lake, na madaftari hayalingani.

Ukishakishika kitabu hiki, vingine vinafunguka. Katika Admiring Silence, ya 1996, bwana mmoja asiye na jina amekaa Uingereza karibu miaka ishirini na mwanamke wa Kiingereza, wamezaa, na kwao Zanzibar hajaandika neno. Anarudi kuzuru anakuta wamemtafutia mchumba. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akimtungia baba mkwe wake visa vya uongo juu ya ukoloni mwema, kwa sababu mzee anapenda kuvisikia. Katika Gravel Heart, ya 2017, mjomba ametiwa kizuizini na mkubwa mmoja wa serikali anataka malipo, na malipo yenyewe ni mama yake Salim, mke wa watu. Baba anaondoka nyumbani bila ya kueleza kitu, na Salim anatumia miaka yake London akitafuta nani alimlipa nani. Theft, iliyotoka mwaka 2025, ni ya kwanza baada ya Nobel, na ndani yake yumo Badar, kijana wa kutumwa nyumbani kwa watu, anayebeba lawama za baba asiyemjua na kisha kusingiziwa wizi.

Halafu Afterlives, ya 2020. Humo Hamza, kama Yusuf, alitolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, akatoroka akajiunga na askari wa Mjerumani. Bi Asha anaishi katika nyumba ya ukoo wake mwenyewe kwa hisani ya jamaa tajiri aliyeishika kwa deni, na uchungu wa jambo hilo umemharibia ulimi. Afiya, mtoto yatima, anavunjwa mkono na mtu aliyemlea kwa sababu amegundulika anajua kuandika. Yupo pia kaka yake Afiya, Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani, akawapenda, akawapigania Vita vya Kwanza vya Dunia, akapotelea Ujerumani, na mwisho wake ni katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Anayeijua historia atamkumbuka mara moja Bayume Mohamed Husen. Huyu hakutungwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe akaingia vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara, wake na wa baba yake, ambayo serikali ya Ujerumani haikuwalipa tangu vita. Wakamjibu amechelewa. Akabaki huko, akatumikia hotelini, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu za kuusifu ukoloni, akaoa. Mwaka 1941 Manazi walimkamata kwa uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka Sachsenhausen, akafa humo Novemba 1944. Mtu alikwenda kudai haki yake ya mshahara. Gurnah hakuwa na haja ya kutunga mfano ulio mkali kuliko huo, na nadhani ndiyo maana kwenye riwaya habari ya Ilyas inatajwa mwishoni kabisa, kwa ufupi, na mtoto wa dada yake aliyekwenda kupekua majalada.

Nina manung'uniko yangu pia, na mtu kupewa Nobel hakunifungi mdomo. Gurnah anaijua nyumba ya mfanyabiashara wa mjini kuanzia ukumbini mpaka jikoni. Shamba halijui hivyo. Mchumaji wa karafuu, mchukuzi, mtu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja aliyeyapokea Mapinduzi kwa vigelegele, hao kwenye vitabu vyake hupita mbali, au hutokea wakiwa wameshavaa sare na kushika bunduki. Ukimsoma Gurnah peke yake hutajua kwa nini watu walinyanyuka mwaka 1964. Adam Shafi atakwambia. Na ukimsoma Shafi wa Kasri ya Mwinyi Fuad peke yake hutajua kilichofuata, mpaka ufike kwenye Haini yake ya 2003, ambapo mwandishi huyohuyo anatutembeza ndani ya jela za serikali ile ile. Wasomeni pamoja. Pia ana tabia ya kuwatumia wanaume wanaofanana: amesoma, ana haya, anasema uongo kidogo, anajidharau. Baada ya kitabu cha nne utawachanganya majina.

Sasa ile Oktoba ya 2021. Simu ilimkuta jikoni anatengeneza chai, akadhani ni wale matapeli wa simu. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata tuzo ile tangu Wole Soyinka mwaka 1986. Kwa sababu ya korona hakwenda Stockholm, alikabidhiwa medali London mwezi Desemba. Maduka ya vitabu yalikuwa hayana nakala zake. Marekani Afterlives ilikuwa haijachapishwa, ikaja kutoka huko 2022, miaka miwili baada ya Uingereza. Huku kwetu, Rais Samia Suluhu Hassan, naye Mzanzibari, alimpongeza siku ile ile, na Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar vilevile. Usiku huo watu wakaanza kuulizana mitandaoni. Ni wetu huyu? Mbona ana pasi ya Uingereza? Sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo kwa karatasi si wetu. Wengine wakasema ni wa Zanzibar, si wa Tanzania. Wengine wakataka kujua ni Mwarabu au Mwafrika. Mtu ambaye vitabu vyake havikuwa vikipatikana madukani kwetu akapata wenyewe kwa maelfu kabla ya alfajiri. Mwenyewe alijibu kwa upole kwamba anatoka Zanzibar, na kwamba kwa fikra anaishi huko.

Jambo la maana lilifanyika kimyakimya. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha SOAS, London. Anayetaka kuanza na Gurnah aanze hapo. Khalil na matusi yake, mnyapara na vitisho vyake, wanasikika kama watu ambao mtu amewahi kupangana nao foleni.

Akimaliza, atafute By the Sea, na hapo nitampa jambo la kubishania na wenziwe. Kabla ya kupotea, Hussein alinunua dukani kwa Saleh Omar meza ndogo ya mpingo, akampa zawadi Hassan, kaka yake Latif. Nyumba ilipochukuliwa na Saleh Omar, meza ile ikarudi kwake. Latif, wakati huo mvulana, akatumwa kwenda kumwomba airudishe, kwa kuwa ni ya Hassan, haimo kwenye deni. Saleh Omar akakataa. Nyumba alikuwa nayo kwa hati na kwa hukumu ya mahakama, na mimi siku zote nimekuwa upande wake kwa hilo. Lakini ile meza ilimhusu nini? Rafiki yangu mmoja, ambaye ni wakili, anasema hapo ndipo mzee alipoipoteza kesi yote. Mimi nasema alikuwa ameshajua nyumba si haki yake, na kuirudisha meza kungekuwa ni kukiri. Tumeshabishana mara nyingi na hatujafika mahali.